Joka Lililomeza Jumamosi Zangu

Jumamosi, 7 Juni

Daktari wa presha kule Upper Hill amesema niandike kila siku nilichokula na nilivyojisikia. Mtoto mdogo, hata ndevu hazijajaza shavu, ananipa mimi kazi ya nyumbani! Niliachia darasa la nne, lakini mwandiko wangu ni kama wa karani. Basi aandikiwe.

Nilichokula: mukimo, viazi na mahindi vya kuponda. Chumvi kidogo. Nilivyojisikia: vibaya sana!

Sababu ni kwamba nilipika sufuria ya watu wawili nikala peke yangu. Jumamosi ni ya Mdogo. Tangu ajue kutembea, kila Jumamosi analetwa hapa kwangu, mtaa wa Woodley, tunakula, namsuka, namweleza makosa ya mama yake. Yeye ni Waithera kama mimi, binti wa kwanza wa mwanangu Wahome. Kwa hivyo yeye ni mimi, isipokuwa magoti yake hayaumi. Leo amepiga simu saa sita, mukimo ushapondwa. Ati cucu, ndivyo anavyomwita nyanya yake, leo siji. Ati kuanzia sasa kila Jumamosi ana klabu ya gemu huko mjini.

Gemu! Nikamwuliza kama gemu ndiyo iliyomzaa baba yake. Akacheka. Nikakata simu. Kisha nikapiga tena kumwambia kwamba nimekata.

Jumapili, 8 Juni

Kutoka kanisani, moja kwa moja hadi Kitisuru kwa Wahome, kufanya uchunguzi. Nilichokula: chai ya Wanjira, mke wa Wahome. Ni maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali.

Mdogo alinionyesha hiyo gemu. Tivi kubwa kama mlango wa gereji. Ndani yake kuna mlima, na ndani ya mlima kuna joka, refu kuliko Woodley nzima, limelala. Juu ya pango limechongwa jina lake: Yoru. Watu wa dunia nzima wamelipiga moto, radi na mishale ya uchawi, miaka mitatu sasa. Halishtuki. Waliotengeneza gemu wamenyamaza kama watu walioiba kuku. Kwa hivyo wachezaji kazi yao ni kubishana tu: kwa nini limelala? Uchawi wa mlima unatoka wapi? Mabishano hayo wanaita thiori. Mimi nayajua. Ni udaku. Tofauti ni kwamba hawa wanasengenya majoka.

Uchawi siku ya Jumapili haukunipendeza. Niliomba kimoyomoyo, nikamweleza Mungu kwamba ni uchawi wa stima tu.

Kisha nikauliza swali la maana. Hii kitu inaisha lini? Mdogo akasema, bila hata kunitazama, ati siri ya joka ikijulikana si basi, itakuwa imeisha, cucu.

Haiya! Kumbe ni hivyo tu? Nitaijua hiyo siri mimi. Gemu itakufa na Jumamosi zangu zitarudi. Sikumwambia kitu. Nilimaliza chai yote kwa furaha, Wanjira akashangaa.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Nilikuwa nachambua maharagwe, ikaja yenyewe.

Mdogo alinitumia kwa simu ukoo wote wa huo mlima. Zamani kulikuwa na malkia aitwaye Yoru. Vita vikaja, akapotea. Alikuwa na mwana mmoja, Tamiri, aliyehamia mlimani. Halafu ndiyo hilo joka, jina Yoru. Deepa, rafiki yake Mdogo, anasema malkia aligeuka joka. Wengine wanasema joka liliiba jina. Watoto wa siku hizi! Jina haliibwi. Binti wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Hata mbuzi wangu wa zamani walijua hivyo. Malkia Yoru akamzaa Tamiri, Tamiri akapata binti, binti akaitwa Yoru. Joka ni mjukuu! Tena wa jina!

Mtu anaweza kuuliza, binadamu anazaaje joka? Inategemea alienda kuoa wapi. Hata Wahome nilimwonya.

Na kwa nini amelala? Ni huzuni. Nyanya yake haji kumwona, na kila mgeni anayeingia anamrushia moto badala ya salamu. Hata mimi ningelala.

Nilichokula: nilisahau kula. Maharagwe yameungua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetuma thiori yangu kwa Wasapu ya klabu. Nimeituma kwa sauti, kwa sababu vidole vyangu ni vikubwa kuliko herufi. Nilieleza polepole, nikarudia kwa wale wasioelewa haraka, nikafunga kwa maombi.

Wa kwanza kujibu ni mzee. Mimi nilidhani hii ni klabu ya watoto! Kumbe kuna mtu anaitwa Chunilal, babu yake Deepa. Aliuza vitambaa Biashara Street maisha yake yote, sasa amestaafu na ndiye mkubwa wa thiori. Ndani ya gemu ana mchawi wake, ndevu hadi magotini, amemlea tangu mwisho wa korona. Alianza kwa adabu, akasema karibu sana mama. Kisha akanipiga. Ati tangu lini majoka yakafuata mila za kwenu Murang'a? Ati ukweli ni kwamba joka lilikufa kitambo, na uchawi wa mlima ni mabaki yake tu. Ati ni kama dawa ya nondo dukani kwake: kidonge kimeisha siku nyingi, lakini kabati bado inanuka.

Wote wakamtumia vile vikono vya makofi. Nikamjibu kwamba mtu aliyepima vitambaa asijifanye anapima maiti. Akauliza mimi nimeishi na majoka mangapi. Nikamwambia aje aone kamati ya akina mama kanisani kwetu.

Mdogo akapiga simu. Ati cucu, unaniaibisha. Lakini alikuwa anacheka, nilisikia. Ati Nthiwa, kijana mwenye ukumbi wa gemu, amesema thiori zetu mbili zitapigiwa kura Jumamosi, na itakayoshinda itajaribiwa na klabu nzima.

Kura! Hayo sasa ni mambo yangu. Nimenunua unga.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi uko ghorofa ya nne, na lifti ilikufa zamani. Nilipumzika kila ghorofa nikijifanya nasoma matangazo ya ukutani. Sasa najua mahali pa kuzibia meno. Chunilal alikuwa amefika, sweta safi, kopo la chevda, vitafunio vya Kihindi, mapajani. Mimi nilikuwa na kiondo cha chapati. Tukatazamana.

Kura ilikuwa ya haki kabisa. Nilisema tu kwamba chapati ni za jamaa wa joka. Ukiniinulia mkono, wewe ni jamaa, unakula. Chunilal akasimama akasema huu ni ufisadi. Nikamwambia ni ukarimu, na kama anataka kuujua aanze kwa kufungua hilo kopo. Akalifungua, lakini amechelewa. Hata Deepa aliniinulia mkono, babu yake akimwona.

Nikashinda, nikatoa amri. Panga chini. Fimbo za uchawi chini. Ngao zote zivuliwe, za chuma na za uchawi. Nani huenda kusalimia jamaa amevaa mabati? Chunilal akakataa. Ati mchawi wake hajawahi kuvuliwa ngao hata siku moja. Nikamwuliza, kama joka ni maiti, anaogopa nini? Hapo nilimweza. Akavua.

Ndani ya tivi wakapiga magoti mbele ya pango, mstari mmoja, kama watoto wa kipaimara. Mimi nikasimama katikati ya ukumbi, nikampigia Yoru vigelegele vitatu, vile vya kupokea mtoto msichana.

Joka akafungua jicho.

Miaka mitatu! Ukumbi mzima ukapiga nduru. Mdogo akanishika mkono. Nthiwa akapanda juu ya kiti. Nikasema, si niliwaambia?

Kisha akafungua mdomo. Akawameza wote. Klabu nzima! Mchawi wa Chunilal alikuwa wa mwisho, ndevu zikapita mdomoni kama tambi.

Tivi zikawa nyeusi. Chunilal alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Mdogo aliuachilia mkono wangu. Nilishuka zile ngazi peke yangu na kiondo kitupu, na safari hii sikusoma tangazo hata moja.

Nilichokula: hakuna. Nilivyojisikia: daktari, hapo ruka.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nimemwombea mchawi. Sikumtaja jina.

Katikati ya mahubiri simu ikalia. Chunilal! Nilitoka nje nikiwa tayari kutukanwa, na majibu nilikuwa nayo. Lakini alikuwa anahema. Akasema, mama, jana alimkatalia Nthiwa kuzima mashine yake. Mchezaji akifa huwa tarumbeta inalia. Jana haikulia. Basi akakaa mbele ya lile giza hadi ukumbi ukafungwa, na leo ulipofunguliwa akawa wa kwanza mlangoni. Akakuta mwanga.

Tumboni mwa joka kuna nchi! Kuna mito, mashamba na mji wenye soko. Mchawi wake yuko mzima, anauliza bei ya vitunguu. Na kwenye nyumba ya kwanza, jikoni, amekaa mwanamke mzee anakoroga sufuria. Malkia Yoru mwenyewe! Amesimulia mwenyewe: vita vilipokuja, joka alimmeza yeye, nyanya yake, ili asiguswe na mtu, akajikunja, akalala juu ya siri yake. Duniani kote hakuna aliyewahi kuyaona haya.

Nikamwambia, si nilisema? Akasema sikusema hivyo. Nilisema nyanya haji kumwona, kumbe nyanya yuko ndani muda wote. Nikamwambia ni kitu kimoja. Akasema pia si salamu zilizofanya kazi, ni kuvua ngao, kwa sababu joka halimezi mabati. Nikamwambia basi avae ngao yake atapikwe huko nje. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, mama, wewe ni mtu mgumu sana. Kisha akauliza kama zile chapati nakanda kwa maziwa au kwa maji moto. Sikumwambia.

Halafu Mdogo akapiga. Analia na kucheka pamoja. Ati cucu, umefungua nchi nzima! Ati watu wa Japani wanauliza wewe ni nani! Ati humo ndani kuna siri nyingi ajabu, zitatuchukua miaka.

Miaka! Nilikaa chini kwenye ngazi za kanisa. Nilitaka kuiua gemu, nimeizalisha.

Jumanne, 17 Juni

Ukumbi wa Nthiwa umejaa wageni wanaotaka kumezwa. Foleni inafika hadi kwenye tangazo la meno. Klabu haina pa kukaa, na Mdogo amenuna.

Nimewaza, nimepata mpango. Waje wachezee hapa kwangu. Nyumba hizi za zamani za kanjo, za baraza la jiji, zina sebule pana. Nitawasimamia mwenyewe, hakuna kupoteza wakati, hakuna kuchekacheka. Siri zitaisha haraka, gemu ife, Jumamosi zirudi. Nimemwamuru Wahome alete ile tivi ya mlango wa gereji. Wanjira akachukua simu akauliza, sasa wao watatazama nini? Watazamane.

Nilichokula: vizuri.

Alhamisi, 19 Juni

Upper Hill. Daktari alinipima presha, akapima tena, akaita mwenzake. Imeshuka. Akauliza ni nini nimebadilisha. Nikamwambia hakuna, aangalie hicho chombo chake, huenda ni kibovu. Alitaka kusoma daftari hili. Nimemwambia bado sijamaliza.

Jumamosi, 21 Juni

Wamekuja wote. Viatu mlangoni, mikono kwa maji, maombi, ndipo rimoti. Mdogo anasema haiitwi rimoti. Kwangu inaitwa rimoti.

Yeye mwenyewe alifika jana jioni na begi lake, akalala hapa. Leo amekula mukimo sahani mbili. Nimemsuka nusu ya kichwa huku anacheza, amekaa sakafuni katikati ya magoti yangu. Nusu nyingine ameomba iwe kesho, ati leo analala hapa tena. Chunilal amekuja na chevda, kopo wazi tangu getini. Ina chumvi nyingi mno. Nimeionja mara kadhaa ili niwe na hakika.

Lakini kazi bado. Malkia anakoroga ile sufuria mchana kutwa na hamwambii mtu anapika nini. Chunilal ana thiori, ati ni dawa ya kuzalisha uchawi. Upuzi mtupu! Mtu akikoroga hivyo, na kila saa anatazama mlango, amepika chakula cha watu wawili na mmoja hajafika. Nani tena kama si Tamiri, aliyehamia mlimani akamsahau mama yake? Nimeamuru Jumamosi ijayo klabu yote iingie jikoni mikono mitupu na njaa, iseme imetumwa na Tamiri. Chunilal anasema malkia atawatia wote ndani ya hiyo sufuria. Nimemwuliza, mara ya kwanza alipomezwa aliumia wapi? Ameenda kuvua ngao.

Mpango wangu sasa umekamilika. Sufuria ikijulikana, siri ya mwisho imeisha. Siri zikiisha, gemu imekufa. Gemu ikifa, Mdogo atakuwa anakuja kwangu Jumamosi kama zamani.

Nimemwambia ainue miguu, nifagie.