Harusi ya Munira Imegoma Kufunguka

Handeni,
Jumatatu asubuhi.

Kwa Ndugu Castory,
Fundi wa kompyuta na muuza filamu,
Masuguru, Korogwe.

YAH: HARUSI KUKWAMA NDANI YA FLASHI

Salamu nyingi, na pole kwa kazi, kama kweli ipo. Mimi ni yule mzee wa Handeni niliyekuletea CD ya harusi ya mpwa wangu Munira, ya mwaka 2004, nikiwa nimeiviringisha kwenye kitambaa kama kichanga. Uliihamishia kwenye flashi ukanihakikishia kuwa sasa itaishi milele. Nakupongeza. Inaishi humo, na kutoka haitaki.

Ujue kwa nini nina haraka. Jumamosi hii anaolewa Yusra, mdogo wake Munira. Katika ukoo wetu mjomba ndiye humshika mkono bibi harusi na kumtoa ndani, na aliyemtoa dada mtu ndiye humtoa na mdogo. Marehemu dada yangu Mwantumu, mama yao, aliwaachia wajomba wawili: mimi mkubwa, na mdogo wangu Sufiani, ambaye siku hizi haendi msibani wala kwenye sherehe bila kutangaza kuwa Munira alitolewa na yeye. Ushahidi uko kwenye flashi yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta ya Munira, ambaye ni mwalimu na hanunui vitu vya ovyo, inafungua tamthilia za Kikorea bila kusita. Ikifika kwenye harusi ya Kizigua, inasema haitambui aina ya faili hili. Nusu ya Handeni ilikula pilau siku ile, kompyuta hiyo peke yake ndiyo isiyotutambua.

2. Nilipokupigia simu ulishauri tubadilishe mkia wa jina la faili, tufute "dat" tuandike "mpg". Ndugu yangu, anayebadilishwa alama ni ng'ombe wa wizi, si harusi iliyofungishwa na shehe. Nilikataa katakata.

3. Munira akabadilisha nilipokwenda kuswali. Ikatoka sauti bila picha. Nikamsikia dada yangu waziwazi: "Mjomba mtu, inuka umshike mwanao!" Machozi yalinitoka, sikufichi. Lakini mjomba yupi? Sufiani, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya chai yetu, akasema, "Si mimi huyo?" Nikamwambia huyo ni mimi. Tukabaki tunaikodolea macho skrini nyeusi kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Mbaya zaidi, katikati ya vigelegele kuna mlevi anapayuka kwa mbali, "Imepatikana jamani! Msianze!" Sauti yenyewe ni kama bati linaburutwa. Naomba mtu huyo umfute, bila kugusa wengine.

4. Ukaagiza tuweke programu nyingine. Munira akaiweka, ikatokea koni ya rangi ya machungwa, zilezile wanazopanga wakifukua barabara. Kila aliyewahi kusafiri kwenda Korogwe anajua maana yake: hapapitiki, subiri. Nikamkataza asiiguse. Tumesubiri tangu Ijumaa na hakuna mkandarasi aliyetokea.

Kwa hiyo naomba harusi irudiwe. Munira aolewe upya na mumewe yuleyule (nimemuuliza bwana, amesema atafikiri). Watoto wao wakae mbali na kamera kwa kuwa wakati ule hawakuwapo. Waliofariki wawakilishwe na ndugu zao, na pilau iwe juu yako. Mimi nitamshika mkono, Sufiani asimame nyuma anapostahili. Pia kompyuta zote za dukani kwako zifundwe kwa kungwi kabla ya kuuzwa, ili faili la zamani likija lipewe kwanza shikamoo.

Naamini aibu itakuharakisha. Nisalimie mama yako Bi Rhoda, majirani zako wote hapo Masuguru, na wateja ambao bado hawajajua.

Wako mwenye harusi isiyoonekana,
Mbwana Mhina,
Mjomba Mkubwa.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha Munira alipobonyeza ile koni. Picha imetoka, tena safi. Anayeinuka kumshika mkono ni Sufiani. Mimi sipo. Sasa nimekumbuka: jenereta ilikuwa imeanza kukohoa, nikaenda kutafuta petroli ili kamera isizimike. Baadaye naonekana nikiingia mbio na dumu, kanzu imejaa vumbi, napayuka. Mwantumu ananicheka mpaka anainama, kisha ananifuta jasho usoni kwa upindo wa khanga yake. Nimeshampigia Sufiani, Yusra atamtoa yeye. Harusi isirudiwe. Ila yule mlevi, ndugu yangu Castory, nakusihi usimfute.