Farasi Aliyesimama Jikoni

Jumatatu, 6 Mei

Kwako, Bibie.

Nimerudi sasa hivi kutoka ule ukumbi wa nyuma ya maktaba, kwenye chama chako cha filamu. Nilikwenda kuwashukuru kwa kuja mazishini. Nimerudi na vita.

Jumamosi wataonyesha filamu kwa ajili yako. Ile uliyokuwa ukiiomba kila mara, ya mtu aliyebeba mlango. Vizuri sana. Machozi yakanilenga. Kisha nikasikia kwamba ikiisha, mtu mmoja atasimama aseme kwa nini uliipenda. Na mtu huyo ni nani? Profesa! Ambaye si profesa wa chochote. Alikuwa mpima ardhi, jina kapewa kwa sababu ya miwani yenye kamba. Nikamwambia mume nipo. Akajibu kwa upole, ule upole wake wa kukera, kwamba pole sana fundi, lakini je, umeiona?

Nikasema mara nyingi tu.

Uongo mtupu. Wewe ulikuwa unakwenda, mimi nabaki na makochi yangu na mpira redioni. Jioni unarudi uso umekunjuka, umetulia kama mtu aliyetua mzigo. Nikikuuliza filamu ilihusu nini, unasema ungekuja ungejua. Mwaka mzima sikujua. Basi nitajua, na atakayesimama ni mimi. Sidii ya filamu hiyo nimeazima kwa mama wa chai, yule anayeshika funguo za ukumbi.

Jumanne, 7 Mei

Nimeiangalia. Haina rangi. Haina muziki. Inakaribia masaa matatu. Mtu kabeba mlango mgongoni anavuka uwanda. Anavuka. Bado anavuka. Mwanamke anapiga pasi gazeti. Kisha farasi anaingia jikoni, anasimama. Nikasema sasa hapa ndipo penyewe, nikajiweka sawa. Nilipofumbua macho, runinga ilikuwa buluu tupu na shingo imenikakamaa.

Nikairudia baada ya kula, safari hii nikiwa nimesimama. Nikalala nimeegemea kabati. Yule farasi ana dawa!

Ajabu, Bibie, huo ndio usingizi wangu wa kwanza wa maana tangu uondoke. Kitandani silali. Najibanza ukingoni, upande wangu uleule, nisije nikakubana.

Jumatano, 8 Mei

Hila mpya. Aangalie mwingine, mimi nipokee maana. Nimemwita mdogo wako, nikamwambia aje anisaidie kugawa nguo zako. Alipofika nikamwashia filamu. Kaiangalia yote huku anachambua maharage, hakupepesa. Yule ana macho ya bundi. Nikachukua kalamu, nikamwuliza inasema nini.

Akasema inasema mtu kabeba mlango na nyumba hana. Na farasi? Akasema farasi ni wa kufukuzwa, kwani nyumba ile haina ufagio? Halafu akaniambia, "Shemeji, kufiwa kumetosha, usijiongezee na wazimu."

Akataka tuzigawe hizo nguo alizoitiwa. Nikafungua kabati. Nikalifunga. Nikasema siku nyingine. Hakubisha. Aliniosha vyombo vyote vya tangu wiki iliyopita, akaondoka na maharage yake.

Nimebaki na karatasi yenye maneno mawili: Nyumba hana.

Alhamisi, 9 Mei

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimekwenda kwa Profesa na mto mpya wa kiti, kazi ya mkono wangu. Nikamsifia miwani. Nikamsifia pazia. Nikasema ile filamu yetu, eh, nzito, hasa pale kwa farasi, na wewe unapaonaje?

Akajibu kwamba ile si filamu ya kuelezwa, ni ya kuvumiliwa. Nikamwuliza mvumilivu wake anakula nini, maana wahenga walimwahidi mbivu. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema inategemea amevumilia kwa ajili ya nani.

Majibu gani hayo! Mtu kabana maana yote peke yake, hataki hata kunionjesha. Na jambo jingine. Rafu yake ya filamu imejaa hadi juu, na kila jalada lina mtu anayeruka teke. Sikuona hata moja ya mlango, wala ya farasi. Za maana kazificha.

Sawa. Kama mimi sijui, basi na yeye asiseme. Nikapitia ukumbini, nikajitolea kutengeneza viti vyao bure kabla ya Jumamosi. Wakanishukuru kwa mikono miwili. Hawakujua wanamshukuru nani.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeshinda ukumbini. Viti vingine nimevigongea misumari tu. Kiti cha Profesa, mstari wa mbele katikati, nimekifanyia kazi ya maisha yangu. Sponji mara mbili. Springi nimezilegeza. Mgongo nimeulaza nyuma kidogo, na pa kuegemeza kichwa nimepajaza pamba laini. Nikakijaribu, nikapiga miayo kabla sijakaa vizuri. Kesho, farasi akiingia jikoni, Profesa atakuwa anakoroma, na hotuba itabaki yatima. Nitaiokota mimi.

Mama wa chai akapita, akakibonyeza, akauliza fundi, hiki ni kiti au ni kitanda? Nikamwambia ni heshima kwa wazee.

Kiti chako kipo pembeni, ukutani. Kikalio kizima kama kipya. Ila kitambaa cha mgongo kimelika upande mmoja tu, pale kichwa kinapoinamia ukuta. Kiti husema, na fundi husikia. Nikasikia: hapa alikaa mtu wa kutafakari sana.

Sikukishona. Nikaweka kiganja pale palipolika, na nikakaa hivyo mpaka nikaambiwa watu wanataka kufunga.

Jumamosi, 11 Mei

Bibie, sijui nianzie wapi.

Nilivaa koti la harusini. Hotuba ilikuwa mfukoni, ile ile ya maneno mawili, nikitumaini mengine yatakuja yenyewe. Ukumbi umejaa. Profesa akaja moja kwa moja, akanishika mkono, akaniongoza hadi mbele na kupigapiga kile kiti chake. Akasema leo hapa ni pako, mfiwa hakai nyuma.

Nikagoma. Nikasema mgongo wangu haupatani na vitu laini. Nikasema mimi ni mtu wa benchi. Wakadhani ni unyenyekevu, wakanikalisha kwa nguvu ya heshima, wawili huku, wawili huku. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi nilikuwa naambiwa pole na ukumbi mzima.

Hata kwa farasi sikufika.

Nilipoamka taa zilikuwa zinawaka. Filamu imekwisha zamani. Hakuna aliyeondoka. Watu wote wamekaa kimya, hakuna hata anayekohoa, na koti la Profesa limenifunika hadi kidevuni. Nikaruka kwa aibu. Nikatoa karatasi, nikasema kwa sauti, "Nyumba hana!"

Hakuna aliyecheka. Mama wa chai alikuwa analia. Akaniambia nikae tu. Akasema hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wakikufunika wewe.

Kisha Profesa akaeleza. Kwamba mara ya kwanza uliingia pale kukwepa mvua. Siku hiyo walikuwa wamekosea, wameletewa filamu ndefu isiyoeleweka. Ukalala mwanzo hadi mwisho. Ulipoamka uliwaambia mifupa inakuuma, hujapata usingizi kwa miezi, usiku unalala macho wazi bila kujigeuza, usimwamshe fundi anayeamka alfajiri. Ukawaapisha nisiambiwe. Wiki iliyofuata wakarudi kwenye filamu zao, na teke la kwanza tu, ukashtuka na kukaa wima hadi mwisho. Basi wakapiga kura. Mikono yote ikapanda. Tangu siku hiyo wakawa wanatafuta zile ndefu, zile za polepole, zile ambazo hakuna mtu anayempigia kelele mwenzake. Mwaka mzima.

"Na sisi, fundi," akasema, "ni watu wa ngumi."

Mzee mmoja wa nyuma akasema aseme ukweli, yeye yule farasi hampendi hata kidogo. Hapo tukacheka, kila mtu na leso yake. Nikauliza basi yule bwana na mlango wake, anakwenda wapi? Wakatazamana. Hakuna anayejua.

Wakamkumbusha Profesa hotuba yake. Akasimama, akasema uliipenda kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote. Akakaa.

Jumapili, 12 Mei

Nimefikiri, Bibie. Hawanidanganyi!

Watu wazima, mwaka mzima, kila Jumamosi, na hakuna hata mmoja aliyejua maana? Haiwezekani. Profesa anaijua. Jana aliona nimetahayari, akanionea huruma, akaimeza. Huo ni ujanja wa wapima ardhi, hawakuonyeshi mpaka wa shamba mpaka ulipie.

Wameamua wiki ijayo warudi kwenye ngumi. Nilipinga. Mkono wangu ulipanda peke yake, kisha ukapanda wa Profesa, nadhani kwa kunifariji. Tukashindwa vibaya. Lakini sidii bado ninayo. Nimechonga kigoda cha mbao tupu, hakina sponji, hakina mgongo, nikakipigia vichwa vya misumari vijitokeze kidogo. Juu yake hakuna binadamu atakayelala. Nitampita farasi, nitafika mwisho, nitakwenda kwa Profesa na maana yangu mkononi tuone atasema nini.

Nimekijaribu leo mchana. Nililala, nikaanguka. Kesho naongeza misumari.

Kuna jambo moja silifikii hata bila farasi. Ulikuwa umetulia sana pale ubavuni kwangu. Nilikuwa naamka alfajiri, nakuona umefumba macho, natoka kwa kunyata viatu mkononi nisikuamshe. Na wewe ulikuwa macho, unanisikia nikinyata.

Sasa ndiyo umelala kweli. Usisumbuke kuamka kwa ajili yangu. Ila ikitokea ukajigeuza, nikumbuke.