Kulia, Kulia, Mpaka Zambia

Jumatatu, 20 Juni 1994

Baridi kali. Upepo umeng'oa bati la jikoni. Lakini leo si siku ya kuandika habari za bati.

Nimepata cheo!

Ilikuwa hivi. Nimepita dukani kwa Ndalahwa, yule Msukuma anayeuza pikipiki mjini Sumbawanga. Mlangoni kabandika tangazo. Nimelisoma mwenyewe, herufi moja moja, kama nilivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. MSAFARA WA PIKIPIKI KWENDA ZAMBIA. SIKU TANO. WASAFIRI SITA KUTOKA SHINYANGA. ANATAFUTWA KIONGOZI.

Kiongozi! Nimetazama huku, nimetazama kule. Hakuna mwingine. Nikaingia.

Ndalahwa kaniamkia vizuri, shikamoo mzee. Kaniuliza kama njia ya Mbala, huko Zambia, naijua. Nikamwambia Mbala naijua tangu Waingereza wakiiita Abakoni. Ni kweli kabisa. Mke wangu Bertilla kazaliwa huko, na mtu hawezi kumjua mke asijue kwao. Kaniuliza kama pikipiki naendesha. Nikamwambia swali gani hilo. Akaridhika, akaandika: Mzee Romani, Kiongozi.

Miaka sitini na saba nimengoja neno hilo. Ubalozi wa nyumba kumi walininyima, wakampa jirani yangu Clemens, dereva mstaafu wa misheni. Haya. Clemens abaki na nyumba zake kumi. Mimi nina nchi mbili.

Kiongozi lazima awe na shajara. Ndiyo maana ya daftari hili.

Jumatano, 22 Juni

Matayarisho. Soko huria limetuletea mitumba, nimepata koti la suti, jeusi. Lina kifungo kimoja lakini kikubwa. Nimeanza na hotuba. "Ndugu wananchi wa Zambia." Nimeishia hapo, mkono umechoka.

Mchana nimetangaza kilabuni. Wazee wamesimama! Nimepewa jogoo wawili wa kuniaga. Tumewala hapo hapo. Kwa hiyo sasa hata nikitaka kughairi siwezi. Nitawarudishaje?

Bertilla kaomba nimpakie. Dada yake Kristiana yuko Mbala, hawajaonana tangu mwaka wa uhuru. Nimemweleza taratibu kwamba kiongozi hapakii abiria. Nyuma patakaa mkoba wa hotuba. Kanyamaza. Bertilla akinyamaza, mboga inakosa chumvi.

Ijumaa, 24 Juni

Fitina! Ndalahwa kaniambia niende zahanati nikachukue kadi ya njano.

Kadi ya njano! Wiki nzima redio ni Kombe la Dunia tu, hata kuku wanajua kadi ya njano anapewa nani. Mchezaji mchafu. Nimemwuliza nimemkwatua nani. Kasema, "Mzee, bila kadi ya njano mpakani hupiti." Nikajua Clemens kanichongea.

Nikaenda kwake moja kwa moja. Kacheka mpaka kakaa chini. "Shukuru ni ya njano, bwana Romani. Ingekuwa nyekundu usingetoka hata hapa Milanzi."

Zahanati nimemkuta Sista Silvana, yule mtawa muuguzi anayezunguka vijijini kwa pikipiki na chanjo. Nimemweleza kwa heshima kwamba kadi sistahili, na kama ni lazima, basi nisikilizwe kwanza. Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema, "Babu, kunja shati."

Sindano! Eti homa ya manjano. Kila anayetoka nje ya nchi anachomwa. Yeye mwenyewe kachomwa, anakwenda Mbala mwezi ujao kuwaona masista wenzake. Sikupiga kelele. Waliosikia kelele walimsikia mtu mwingine.

Jumapili, 26 Juni

Baada ya misa Ndalahwa kanivuta pembeni. Kanieleza kazi. Kiongozi anakaa mbele. Mbele ya wote, juu ya pikipiki yake, anaendesha mwenyewe, anaonyesha wenzake njia. Tairi ikipasuka, anaziba.

Mimi nilijua kiongozi anakaa katikati! Anapungia watu, anapokewa na ngoma, anakunywa soda. Viongozi wote niliowaona maishani hukaa kiti cha nyuma. Nani kapata kumwona mkuu wa wilaya ameshika usukani?

Nikamwambia Ndalahwa kwamba hayo yote nayajua, nilikuwa nampima.

Tatizo ni dogo. Pikipiki sijapata kuendesha. Nimepanda mara moja, mwaka 1959, padri alinipakia kunipeleka hospitali, na nilikuwa nimezimia.

Clemens anajua. Bertilla kasema nimwombe tu anifundishe. Nimwombe Clemens! Bora nizimie tena.

Jumanne, 28 Juni

Akili! Akili! Clemens nimemkuta anafuta Honda yake, ile aliyopewa na misheni. Nikamwambia kwa huruma kwamba watu wanasema uzee umemwingia, gia hawezi tena.

Kavimba kama chura. "Mimi? Gia?"

Kanipakia mpaka kiwanja cha mpira. Kazunguka mara tisa huku anafoka: klachi! gia! mafuta! kulia! haya tena, kulia! Mimi nyuma nimetulia, neno halinipiti. Nikamwambia bado siamini, labda ni pikipiki inayojiendesha yenyewe, hebu nijaribu. Kaingia mtegoni! Nimezunguka mara kumi na moja. Mbili zaidi yake! Kusimama nimesimama kwenye mlingoti wa goli. Pikipiki nzima. Goli limeinama kidogo.

Clemens anadhani amenikomesha. Hajui kwamba amenifundisha.

Nyumbani nimemsimulia Bertilla. Badala ya kupongeza kauliza kama na kushoto tulikata. Nikamwambia kiwanja kinazungukwa upande mmoja. "Baba Shedrack," kasema, "utakwenda kulia na utarudi unalia." Wivu.

Alhamisi, 30 Juni

Wasafiri sita wamefika, kila mtu na pikipiki yake. Wafanyabiashara wa Shinyanga, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkubwa wao Sayi, mwenye mashine ya kusaga. Rukwa hawajapata kuiona hata mmoja. Ndalahwa kawapa amri moja tu: kiongozi asipitwe, afuatwe kila aendako, afanye lolote nao wafanye. Wote wakaitikia. Nimejisikia vizuri sana.

Kisha akataka nimtajie njia. Nikamwambia nitamtajia jioni.

Nimekwenda nyumbani kumjaribu Bertilla, kama kumbukumbu bado anayo. Anachambua maharage, hata kichwa hakuinua. Kutoka mjini unakata kushoto, unatafuta Matai. Baada ya Matai, daraja. Baada ya daraja, mteremko wenye mawe meupe. Mpaka Kasesya, penye forodha. Kila kijito kakitaja. Alipita kwa miguu siku tunamleta, yeye bibi harusi, anasema, mimi nilikuwa nasinzia juu ya baiskeli ya kaka yangu.

Nimeandika yote kiganjani kwa kalamu ya wino. Nimekwenda kumsomea Ndalahwa. Kaitikia kwa kichwa, karidhika kabisa, kanipa na pikipiki yenyewe. Nyekundu!

Nikarudi, nikanawa, nikala ugali. Ulezi mtupu, mzuri. Nilipomaliza nikatazama kiganja. Imebaki M.

Sitamwuliza tena. Kiongozi akiuliza mara mbili watu wanapata wasiwasi.

Jumamosi, 2 Julai. ZAMBIA

Tumefika! Naandikia nje ya nchi!

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, taa yangu mwenyewe sikuiona. Ndalahwa kabaki kupakia gari la mafuta, atufuate nyuma. Clemens kaja kunitazama nikianguka. Sikuanguka. Nimeondoka kama risasi, nyuma yangu pikipiki sita zinanguruma.

Njia panda ya kwanza nilikumbuka ni kushoto. Lakini kushoto sijafundishwa. Nikakata kulia. Kijijini Ntendo lori limeziba mbele, nikakata kulia tena, kwa sababu kulia ndiyo kazi yangu. Hakuna aliyenipita. Nidhamu!

Halafu mteremko. Mrefu! Upande mmoja mlima, upande mwingine hakuna kitu. Kona za kulia nimezipita kifalme. Kona za kushoto nimezima, nimeshuka, nimeisukuma kwa mkono mpaka imenyooka, nimepanda tena. Nikageuka nyuma. Wote sita wameshuka, wanasukuma. Walidhani ndio utaratibu wa hapa.

Chini joto! Koti limelowa jasho. Nikawaambia, mnaona, hewa ya nje. Sayi kauliza mbona mpaka hatukuuona. Nikamjibu ndugu yangu, siku hizi soko huria, mipaka imelegezwa. Kasema, "Aa." Halafu ziwa hilo hapo mbele! Roho ikatua. Ziwa Zambia wanalo, kila mtu anajua.

Tumeingia kijijini. Watu wakakusanyika. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikafunga kifungo. "Ndugu wananchi wa Zambia." Makofi! Vigelegele! Mzee mmoja kacheka mpaka kofia imemdondoka, nadhani ni furaha. Na Kiswahili wanakijua watu hawa, utadhani wamezaliwa Sumbawanga. Mama mmoja kaniamkia shikamoo safi kabisa.

Lakini la ajabu hili hapa. Mchunga ng'ombe mmoja, Malimi, kamtazama Sayi, kamsemesha Kisukuma. Sayi kaangusha kofia ya pikipiki. Mtoto wa mjomba wake! Alihama na ng'ombe miaka minane iliyopita, kwao hawajui hata kama yu hai. Wakakumbatiana palepale barabarani. Sayi machozi. Kanishika mikono yote miwili, kasema hakujua kabisa kwamba binamu yake alihamia Zambia.

Dume limechinjwa. Nimepewa mguu wa mbele mzima. Kuongoza watu ni kipaji.

Jumapili, 3 Julai

Muze. Hapa ni Muze. Ziwa ni Rukwa, letu wenyewe.

Asubuhi Sayi kataka abadilishiwe hela apate kwacha. Malimi kauliza kwacha ndiyo mboga gani. Wakaulizana, wakaeleweshana, wakageuka wote wakanitazama. Nikawaambia nilitaka wawaone ndugu zao kwanza. Sayi kacheka. Watano hawakucheka.

Saa sita Ndalahwa kafika na gari. Kila kijiji alikuwa anauliza kama amepita mzee wa suti anayesukuma pikipiki kwenye kona, na kila kijiji walimjibu amepita. Njia ya Matai hakutukuta, akarudi kuuliza nyumbani kwangu. Bertilla kamwambia, "Mtafuteni kulia."

Nyuma ya gari, Sista Silvana kwenye pikipiki yake. Nyuma ya Sista, kitenge ninachokijua.

Kumbe wiki nzima hii, mimi nahangaika na mbinu zangu, yeye anakwenda ofisini. Hati ya kusafiria anayo. Kadi ya njano anayo. Sista kakubali kumpakia mpaka Mbala kwa dada yake.

Ndalahwa kauliza mbele ya watu wote ni nani hapa anaijua njia. Bertilla kaitaja yote, Matai, daraja, mawe meupe, bila kuangalia kiganja. Sayi kauliza yule mama ni nani. Ndalahwa kasema, "Ndiye kiongozi." Hivyo tu! Hakutoa hotuba hata moja!

Nikamwambia Bertilla kwamba mimi ndiye baba wa nyumba. Kasema anajua, ndiyo maana kaniachia maharage kwenye chungu, niwashe moto tu. Halafu kanivua koti la suti, kalivaa yeye. Mbala kuna baridi, kasema. Kakaa nyuma ya Sista, kaonyesha kidole mbele, na wanaume sita wakaondoka wanamfuata.

Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka vile tangu Shedrack azaliwe. Nimemwangalia mpaka vumbi likatulia.

Nimerudi juu ya mapipa ya mafuta.

Jumatatu, 11 Julai

Dereva wa lori kaleta habari. Bertilla kafika salama. Kristiana kampokea mlangoni, wamelia siku nzima, siku ya pili wameanza kugombana kama zamani. Anaongeza wiki tatu. Koti anasema linamfaa.

Nani kampeleka? Tuseme ukweli. Bila mimi kupata ule uongozi, asingejua hata kama kuna msafara. Mimi ndiye niliyeanzisha.

Tena Ndalahwa kabandika tangazo jipya, Muze kaiweka kwenye ratiba, wasafiri waliipenda kuliko Mbala. Nani kaigundua Muze? Nimekwenda kumdai jina langu liandikwe. Kafunga duka. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Clemens kila siku ananichungulia juu ya uzio. "Kiongozi, leo umeunguza nini?" Maharage. Lakini upande mmoja tu.

Habari kubwa ni hii. Sokoni nimekutana na bwana mmoja wa Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, Adolfu, mtu mpole, hanijui. Kanunua boti ya mashine ya kupeleka mizigo Zaire. Anatafuta nahodha. Nimemweleza kwamba nimetoka kuongoza msafara wa nchi za nje juzi tu, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Kafurahi sana. Naondoka Alhamisi.

Kuogelea sijui. Lakini nahodha aogelee aende wapi, na boti anayo?