Undugu wa Uthiru na Hinokura

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti viwili na keki moja, kwamba mtaa wa Uthiru na mji wa Hinokura, Japani, sasa ni ndugu wa toka nitoke. "Lolote litakalofanywa na Hinokura," alisema Gerishon Kihara, mwenyekiti wa Kamati ya Undugu wa Miji, "nasi tutalifanya bila mjadala." Wajumbe kumi na wanne wakatia sahihi. Kasiva, mpika chai wao, akapiga makofi kama wengine.

Kamati haikuwahi kufika Hinokura, ila ilikuwa na kabrasha lenye habari zake. Hinokura imekaa bondeni, imebanwa na milima mitatu. Zamani ilifuga viwavi wa hariri. Nailoni ilipoingia, viwavi wakafutwa kazi. Siku hizi inakausha matunda na kuyauza mbali. Vijana wameondoka, wamebaki watu mia tisa, na chekechea imefungwa ikawa ofisi.

Hapo mwenyekiti alivua miwani, asisome zaidi. Wiki hiyohiyo kamati iliazimia kwamba chekechea ya Uthiru, yenye watoto sitini, iwe ofisi za kamati.

"Bosi, huko hawana watoto," Kasiva alisema akimimina chai. Becky wake, wa miaka minne, alikuwa mmoja wa wale sitini. "Hapa wamejaa mpaka mlangoni."

"Mama Becky, hiyo ni changamoto ya mpito."

"Na nikija kazi nitamwacha na nani?"

"Andika barua. Na sukari iko wapi?"

Kasiva alikuwa akisoma masomo ya jioni, na mwalimu wao hakuchoka kuwaambia: soma mpaka mwisho. Basi alipomaliza kuosha vikombe alilisoma kabrasha mpaka ukurasa wa thelathini na moja, ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Akaurudia mara mbili, maana ulimhusu na yeye.

Mkutano uliofuata, kwenye ajenda ya yatokanayo, alinyoosha mkono, akasoma: "Kwa kuwa watu wamepungua, Hinokura imevunja kamati zake zote. Meya hupokea simu mwenyewe na kujipikia chai."

"Hilo linahitaji mjadala," Kihara alisema.

"Mheshimiwa," Norman, katibu, alinong'ona, "tulisaini bila mjadala."

Jumatatu, kamati ikiwa imevunjwa, Becky alikuwa kwenye kiti chake cha bluu, na mamake kwenye kazi yake mpya jikoni mwa chekechea, akikoroga uji wa watoto sitini. Saa nne simu yake ililia.

"Ofisi ya Undugu hapa," ilisema sauti ya Kihara, kwa upole sana. "Mama Becky, eti majani huwekwa kabla maji hayajachemka, ama baadaye?"

"Andika barua, bosi," Kasiva alisema. Kisha akamhurumia. "Baadaye."