Mjomba wa Mheshimiwa Kalonda

Barua ya Mheshimiwa Kalonda ilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ndani ya bahasha nene, na kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza cha bungeni, wazee wa Kikongo walimwita Hamissi awasomee. Hapo ndipo walipokosea. Hamissi wa Kindu alikuwa na maneno matamu, viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi la kambi, na dhamiri aliyoiacha mpakani kwa sababu mizigo ilikuwa mingi.

Ilikuwa barua ya mambo ya nyumbani. Mheshimiwa, mbunge mpya wa zama hizi za vyama vingi, alieleza kwamba jina la Kalonda alilipata upande wa mama, na kwamba tangu utotoni alisikia ukoo huo ulitoka Maniema, jimbo la kwao Hamissi. Wajomba zake wote walikuwa wamekufa. Je, kambini hapakuwa na hata mtu mmoja wa damu yake?

"Anasema nini?" wazee waliuliza.

"Anabasalimia bote. Anabaombea mvua," alijibu Hamissi, na barua ikaingia mfukoni.

Alipofika nyumbani alimtangazia mkewe, Mauwa. "Tangu leo, mi njo mjomba ya mbunge."

"We? Unamujua wapi?"

"Atanijua yeye. Nani atanyima mjomba yake kaduka kamoja pale soko ya Lilongwe? Ila mjomba hawezi kuenda mikono mitupu. Nipe bitenge."

Mauwa alilivuta furushi karibu naye. Vitenge vile alivitoa Kindu amevifunga tumboni, akapita navyo vizuizi vyote huku askari wakimpa pole kwa mimba. Ndivyo vilivyokuwa mtaji wao wote.

"Hamissi, ile bitenge njo maisha yetu. Kama inapotea, usirudie hapa."

"Itarudia na duka, mama."

Huko Lilongwe alipokelewa na Mheshimiwa mwenyewe, mtu mnene, mwenye mvi, aliyeishi uhamishoni Dar es Salaam hadi Kiswahili kikamkaa vizuri. Hamissi hakupoteza muda. Alimshusha babu Kalonda kutoka Maniema na msafara wa pembe za ndovu, akamwoza, akampa mabinti huku, na kule nyumbani mtoto wa kiume, Hamissi mwenyewe, akamuua kwa homa, akamlilia kidogo. Mjomba alikuwa mdogo kuliko mpwa wake kwa miaka mingi tu, lakini koo zina mambo yake, na Mheshimiwa hakuuliza. Alimkumbatia huku machozi yakimtoka.

"Malume! Mjomba wangu!"

Wakala nsima, ugali wa huko, na kuku. Hamissi akapenyeza neno la duka.

"Duka? Jambo dogo hilo. Twende kwanza kijijini Nathenje, tunangojwa."

Nathenje walikuta mikeka imetandikwa, wazee wamenuna, na mwanamke mzuri ameinamisha kichwa. Mheshimiwa alitaka kuoa. Wake waliotangulia walikwisha kumkimbia, na wazee walisema safari hii hawamtoi binti yao bila mjomba wa bwana harusi, nkhoswe, mtu wa kusimama na kubeba lawama zote. Maskini Hamissi! Kwao mjomba huja harusini kula. Hapa mjomba ndiye anayejibu.

"Malume ametuletea nini?" mzee mmoja aliuliza, na Mheshimiwa akatafsiri kwa sauti tamu.

Macho yote yalitua kwenye furushi. Hamissi alitazama barabara. Penye gari alisimama polisi wa Mheshimiwa, akichokoa meno. Kusema "mi si mjomba" kulikuwa kukiri utapeli mbele ya sheria. Akafungua furushi. Akina mama wakapiga vigelegele, vitenge vikaanza kupimwa viunoni, na Hamissi akakabidhiwa kuku jike, kama desturi inavyotaka. Roho ilimuuma kweli.

"Na duka?" aliuliza garini.

Mheshimiwa alicheka mpaka akajifuta macho. "Mjomba, barua kama ile niliituma na misikitini mjini, wanakosali wenzenu. Walikuja wajomba wengine. Waliposikia kazi inayowangoja Nathenje, waliruka ukuta."

"Na Maniema?"

"Babu yangu alizaliwa Dowa, nyuma ya kilima cha kambi yenu. Akafia hapohapo."

Kambini Mauwa alimpokea kuku, akamfungia Hamissi nje. Hamissi alilala kwa jirani siku kadhaa, mpaka alipoomba radhi kwa machozi ambayo, kwa mara ya kwanza, yalikuwa yake mwenyewe.

Hajakaa sawa, gari la Mheshimiwa likapiga honi nje. Majirani walitoka kushuhudia heshima hiyo. Bibi harusi amerudi kwao na masufuria yake, dereva alieleza. Wazee wa Nathenje wanamtaka nkhoswe, leo hii.

"Waambie sipo!" Hamissi alinong'ona, akajisukuma chini ya kitanda.

Mauwa alifungua mlango wote.

"Muingie," alisema. "Mjomba yenu iko chini ya kitanda. Mumuchukue, na asirudie bila bitenge yangu."

Dereva aliinama. Viatu viling'aa vizuri sana gizani, akavishika vyote viwili, akavuta.