Lontong Si Kamba ya Kiatu

Ijumaa, 1 Agosti

Assalamu alaikum, Galih mwanangu. Hujambo huko baharini? Chakula cha meli kinalika? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio unaochemka.

Uliniachia daftari hili niandike kila nyoka wako Lontong anapokula. Nitaandika na mengine, maana nisipoandika nitapasuka. Meli ikitia nanga nitakutumia picha za kurasa.

Jana tulisoma Yasini kwa jirani yetu Bu Lastri. Ndizi ya kukaanga bado iko mdomoni mwangu, akaniuliza mbele ya akina mama wote kama Lontong bado ni kamba ya kiatu. Wakacheka! Chatu wake Sultani alitoka kwenye mayai ya mama mmoja na Lontong, siku moja, na sasa eti ana gramu mia tisa. Akaniambia, "Shoga, hiyo ni amana ya mtoto. Usimfungishe Ramadhani mwaka mzima!"

Mimi! Nimnyime chakula mnyama wa mwanangu!

Nimempima Lontong. Gramu 610. Na tarehe 17, sikukuu ya uhuru, pamoja na kukimbia ndani ya magunia, mtaa una shindano jipya: chatu mzito kuliko wote. Mtaani wako wawili tu. Wazo la nani? Usiniulize.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimesoma kanuni zako kwenye jalada. Ya kwanza: panya awe mnene kama sehemu nene ya mwili wa nyoka, asizidi. Safi. Nimempima Lontong kwa utepe wangu wa kushonea, nikaenda soko la ndege na wanyama kwa Pak Wagiman muuza panya. Panya wa gramu sitini, kishakufa. Nikampa kwa koleo. Akameza. Bismillahi nilisema mimi kwa niaba yake.

Jumapili, 3 Agosti

Ajabu! Nimepima tena ile sehemu nene. Imeongezeka vidole viwili usiku mmoja! Iko katikati ya tumbo, imetuna vizuri. Dua za mama hizo.

Basi kanuni inataka panya mkubwa zaidi.

Jumanne, 5 Agosti

Pak Wagiman amenitoa jasho. Aliniuliza kama nimenunua nyoka mwingine. Nikamwambia ni yule yule. Akasema, "Bu Tumini, juzi ulitaka kidole, leo unataka ngumi?" Nikamwambia auze panya, mambo ya kanuni aniachie mimi. Akanishauri nimpime nyoka tumbo likiwa tupu. Nilikasirika! Nani humpima ng'ombe wa kuchinja kwa kumlaza njaa kwanza?

Lontong amemeza ngumi. Ilimchukua muda.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefunga. Lontong hafungi.

Nimepima sehemu nene. Subhanallah!

Jumapili, 10 Agosti

Jana alipata panya wa tatu, mkubwa kuliko wa pili. Leo Bu Lastri akachungulia kwenye uzio, akauliza nampa nini, maana wake anakula panya mmoja mdogo kwa wiki. Nikamjibu kuwa wangu pia, panya wadogo wadogo tu. Mungu anisamehe. Akasema Lontong anaonekana mzito wa kutembea. Wivu huo. Umemtoa macho kama dagaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Lontong hasogei. Amejikunja mpira pembeni, kichwa ndani. Nadhani anatafakari. Nimemsomea Ayatul Kursi.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo ndiyo leo. Panya wa gramu 220. Pak Wagiman alikataa kuniuzia, nikamwambia ni wa kufuga. Lontong alihangaika naye tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Taya zilifunguka mpaka nikafumba macho. Lakini kameza.

Kanuni yako ya pili: akishakula asishikwe siku mbili. Sawa. Kesho simshiki. Atakwenda ndani ya kapu la mchele. Kapu ndilo litakalomshika.

Jumapili, 17 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Sultani kwenye mizani: gramu 905. Makofi. Bu Lastri akajitengeneza ushungi.

Pak Slamet, mwenyekiti wa mtaa, akammimina Lontong kutoka kapuni. Gramu 910! Nilipiga kelele mpaka waliokuwa ndani ya magunia wakaanguka. Nikamwambia Bu Lastri, "Kamba ya kiatu hiyo, shoga, ifunge!"

Pak Slamet kalamu bado hajaiweka chini, Lontong akafungua kinywa. Yule panya wa jana akatoka mzimamzima, na mkia, juu ya kitambaa chekundu na cheupe, rangi za bendera.

Nikadai kuwa panya ni mali yake, apimwe pamoja naye. Pak Slamet akasema hapimi maiti siku ya uhuru. Wakampima Lontong peke yake: 690. Watu wazima walikaa chini kwa kucheka.

Kilichonichoma si hicho. Bu Lastri hakucheka. Alivua mtandio wake mpya wa mabegani akamfunika Lontong, akasema kwa sauti ndogo, "Tumini, dada yangu, mpeleke penye joto, umwekee maji. Huyu anaweza kufa." Mbele ya watu! Ananionea huruma mbele ya watu!

Jumanne, 19 Agosti

Lontong hanywi. Nimekesha na kuswali. Galih, ulinipa kitu kimoja tu nikutunzie. Nimelia. Usiambie mtu.

Jumatano, 20 Agosti

Amekunywa! Ametoa ulimi! Alhamdulillahi!

Kanuni yako ya tatu: akitapika, asile wiki mbili. Nitafuata. Bu Lastri ameniletea supu na kunisihi nimpime Lontong tumbo likiwa tupu. Nimepima, ingawa kwa shingo upande.

Na safari hii nimekuwa mjanja. Sikungoja. Leo hii nimenunua panya wa kipimo hicho hicho sawasawa, hai, nimemweka kwenye ndoo yenye matundu ili wiki mbili zikiisha nisihangaike na Pak Wagiman. Simnyimi kitu. Anakula wali, mahindi na tempe ya soya, hana hata aibu. Tangu asubuhi ameshaota kidevu cha pili. Bu Lastri alipomwona aliziba mdomo, akaondoka akicheka. Wivu!

Shindano la marudiano nimetangaza liwe mwezi ujao.

Nijibu upesi, mwanangu.

Mama yako