Ombi la Kumpunguzia Mke Wangu Uhakika wa Mbinguni

Laela,
Jumamosi.

Kwa heshima kubwa, Mchungaji Benjamini,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua kwenu husemwa Bwana asifiwe. Nayo ipokee, tusianze na ugomvi.

Mimi ni Wilibrodi, Mkatoliki wa kuzaliwa, mkulima wa mahindi na ulezi, mume wa Klementina ambaye ninyi mnamwita Dada Klementina. Siku ile alikuwa akisubiri basi la Sumbawanga hapa stendi, jirani na turubai la mkutano wako. Basi likachelewa, wokovu ukawahi. Alirudi nyumbani bila kufika Sumbawanga, akaniambia kwa utulivu kwamba ameokoka na ana uhakika wa kwenda mbinguni. Sikupinga. Nilidhani litapita kama mafua. Sasa nalazimika kulalamika kama ifuatavyo:

1. Radi. Za huku Ufipa unazijua. Zikianza, mwenye akili hufunika kioo na kukaa mbali na mlango. Juzi mchana mke wangu alikaa mlangoni palepale akichambua maharage. Nilipomwonya alisema anajua aendako. Mchungaji, mimi wakati huo nilikuwa chini ya meza, na nikagundua kuwa sijui niendako. Si heshima mwenye nyumba kugundua jambo kama hilo akiwa amejikunyata.

2. Msamaha. Nilichelewa kilabuni, kwenye pombe ya ulezi. Njia nzima niliandaa utetezi: palikuwa na msiba, mvua, na mzee wa kusindikizwa. Nilipoingia, aliniwekea ugali akasema, "Baba Justa, nilishakusamehe tangu asubuhi." Asubuhi nilikuwa sijakosa kitu. Utetezi wote ukaharibika, na yule mzee sikupata pa kumweka.

3. Ng'ombe wa jirani yetu Nyanda, Msukuma, waliingia kwenye mahindi yetu. Nikaenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Niliporudi na wazee kukagua hasara, tulimkuta Nyanda na mkewe Kabula wanakula kwangu, wameshasamehewa, wameleta na maziwa. Wazee nao wakanywa. Kesi ikaisha mimi nikiwa bado nimesimama. Binti yetu Justa, alipoambiwa aoshe masufuria ya wageni hao, alijibu kwamba hatuokolewi kwa matendo.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Tangu ujana wangu nafagia kigango, kanisa letu dogo la hapa, naongoza rozari, nabeba matofali ya ujenzi, nikiamini kila tofali linanisogeza. Katekista wetu Sebastiani alinipa neno kwamba imani bila matendo imekufa. Nikalikimbiza nyumbani kama mtu aliyepata dawa. Klementina akasema ni kweli kabisa, akajitwika matofali ya kigango chetu, akabeba kunizidi, tena akiimba. Sasa aliyekwisha kuvuka anabeba matofali ya nini? Mimi nabeba kwa hofu na mgongo unaniuma. Yeye anabeba kwa shukrani na mgongo wake mzima. Kama neema ni ya bure, mimi nani alinituma kuchoka?

Kwa hiyo naomba umpunguzie uhakika. Sisemi wote. Umwachie wa Jumapili, na siku za kazi awe na wasiwasi wa kadiri kama Wakristo wengine. Ikishindikana, basi wasiwasi wa radi tu. Na hilo nalo likishindikana, nieleze kwa maandishi kwa nini yeye apate amani na mimi nipate matofali, ilhali tunalala kitanda kimoja.

Nisalimie mama mchungaji, wanakwaya wote, wazee wa kanisa, na mpiga kinanda wenu, ambaye tunamsikia vizuri sana hata tukifunga madirisha.

Wako katika Kristo, na katika jasho,

Wilibrodi (Baba Justa)

N.B. Mchungaji, hayo yote yaache kwanza. Nilikuwa nimebandika chakula, nikazama katika lalamiko la nne kwa uchungu mwingi, na jiko la nje limeungua lote pamoja na paa lake na vitenge vya Klementina vilivyokuwa vimeanikwa hapo. Yeye yuko Sumbawanga kwa dada yake Rozina, anarudi na basi la jioni. Kanisa lako liko karibu na stendi. Tafadhali mpokee anaposhuka, umhubirie neema yote, hata ile uliyoiweka akiba. Nakusihi tu, leo usiguse habari za matendo.